Namba Isiyo na Jina: Lugha za Kompyuta Zinavyotaja Mahali na Wakati



Anayetoka Dar es Salaam kwa Barabara ya Morogoro hufika Maili Moja, Kibaha, baada ya kilometa zipatazo 40, ambazo ni karibu maili 25. Ni wazi basi kwamba maili hiyo moja haikuhesabiwa kutoka Dar es Salaam. Jina la mahali hapa limebeba namba na kipimo, lakini limeacha nje jambo la tatu: kutoka wapi. Wenyeji hawasumbuki. Konda akiita "Maili Moja!" kila abiria anajua pa kushuka. Lakini nchi yetu ina majina mengi ya namna hii. Dodoma wana Maili Mbili, upande wa Moshi iko Maili Sita, na ng'ambo ya mpaka, Eldoret, iko Maili Nne. Huwezi kuyapanga majina hayo kwenye mstari mmoja kwa kufuata namba zake, kwa sababu kila namba ina mwanzo wake, na mwanzo huo haukuandikwa.

Makala hii inahusu tatizo hilohilo ndani ya kompyuta: namba inayotaja nafasi bila kusema ni nafasi ya nini. Tutaeleza arei ni nini, kwa nini wataalamu wanataka mihimili yake iwe na majina, na kwa nini jambo linaloonekana dogo, yaani mahali pa kuliweka jina katika sentensi ya kompyuta, limejadiliwa kwa miaka mingi. Sisi wanafunzi wa falsafa tumelichagua kwa sababu ndani yake mna swali la kale: je, kitu kinatambulika kwa nafasi yake au kwa jina lake?

Arei ni nini?

Arei ni mpangilio wa data ambamo kila kitu hupatikana kwa kutaja nafasi yake. Arei ya mhimili mmoja ni kama foleni: wa kwanza, wa pili, wa tatu. Arei ya mihimili miwili ni kama daftari la mahudhurio: majina ya wanafunzi yanashuka chini, tarehe zinakwenda pembeni, na pale yanapokutana pana alama. Ukipanga madaftari ya miaka kumi, moja juu ya jingine, umepata mhimili wa tatu.

Tuchukue mfano wa kubuni. Tuseme tuna vipimo vya mvua vya vituo 12 vilivyoko Kibaha na Kisarawe, kwa miezi 12 ya mwaka, kwa miaka 10. Jumla ni namba 1,440. Katika lugha nyingi za kompyuta, tukitaka namba moja kati ya hizo tutaandika hivi:

mvua[3, 1, 9]

Maana yake ni: kutoka katika arei iitwayo mvua, nipe namba iliyo nafasi ya 3 kwenye mhimili wa kwanza, nafasi ya 1 kwenye mhimili wa pili, na nafasi ya 9 kwenye mhimili wa tatu. Lakini hiyo 3 ni nini? Ni mwezi, kituo au mwaka? Maandishi hayasemi. Anayejua ni yule aliyepanga data, na kesho huenda hayupo.

Tena, 3 yenyewe si lazima iwe kitu cha tatu. Lugha za C na Python huanza kuhesabu kwa 0, hivyo 3 ni kitu cha nne. Fortran kwa kawaida huanza na 1. Waumini tunaifahamu tofauti hii bila kuiita kwa jina: tukisema Bwana alifufuka siku ya tatu, tunahesabu Ijumaa kuwa ya kwanza, Jumamosi ya pili, Jumapili ya tatu. Anayeipa Ijumaa namba 0 atakuta namba 3 imeangukia Jumatatu.

Sasa linganisha na maandishi haya:

mvua[mwezi="Aprili", kituo="Mlandizi", mwaka=2024]

Hapa kila mhimili umetajwa kwa jina. Ukianza na kituo kisha mwezi, maana haibadiliki. Hata asiyejua kompyuta anaweza kusoma mstari huo na kukisia kinachoombwa.

Aristotle, katika kitabu chake cha Kategoria, aliorodhesha namna kumi ambazo tunaweza kusema jambo juu ya kitu; miongoni mwake ni kiasi, mahali na wakati. Namba iliyo ndani ya arei ya mvua ni kiasi. Kituo ni mahali. Mwezi na mwaka ni wakati. Hivi si vitu vya aina moja, wala kimoja hakiwezi kukaa mahali pa kingine. Maandishi ya mvua[3, 1, 9] yanavivisha vyote sare moja ya namba, kisha yanamwachia msomaji kazi ya kuvitofautisha.

Kosa lisilopiga kelele

Mtu anaweza kusema: si akariri tu mpangilio? Tuangalie mfano halisi.

Zipo data za mvua zinazoitwa CHIRPS, zinazotengenezwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, kwa kushirikiana na taasisi ya serikali ya Marekani ya USGS. Zinachanganya vipimo vya setilaiti na vya vituo vya ardhini, na hutumika sana katika kufuatilia ukame hapa Afrika Mashariki. Katika toleo la 2 zinaanzia mwaka 1981 na kufunika nchi kavu kuanzia latitudo 50 Kusini hadi 50 Kaskazini, kwa miraba ya nyuzi 0.05, yaani takriban kilometa 5 kwa 5. Jedwali la siku moja lina miraba 2,000 kwa 7,200, ambayo ni nafasi 14,400,000. Kwa mwaka wa siku 365 nafasi hizo zinapita bilioni 5. Hakuna jicho la mwanadamu litakalozikagua moja moja.

Kibaha iko takriban latitudo 6.8 Kusini na longitudo 38.9 Mashariki. Kompyuta huandika Kusini kwa alama ya kutoa, kwa hiyo jozi yetu ni -6.8 na 38.9. Sasa mtu akizibadilishana nafasi, akaanza na 38.9 kisha -6.8, atakuwa ametaja nyuzi 38.9 Kaskazini na 6.8 Magharibi. Mahali hapo papo. Ni Hispania, katika jimbo la Badajoz, karibu na mpaka wa Ureno. Ni nchi kavu, mvua hunyesha, na pamo ndani ya eneo la CHIRPS.

Kompyuta haitakataa. Itatoa namba halali ya mvua ya Hispania, na mwombaji ataipokea kama mvua ya Kibaha. Kule mvua hunyesha zaidi miezi ya baridi, na Julai na Agosti ni vikavu. Kwetu Pwani tuna masika, Machi hadi Mei, na vuli, Oktoba hadi Desemba. Atakayetumia namba hizo kumwambia mkulima wa Mlandizi lini apande mahindi atakuwa amempa kalenda ya nchi nyingine, tena kwa uhakika wote unaoletwa na kompyuta.

Wala kuchanganya huku si jambo la kufikirika tu. Ramani na mazungumzo ya kawaida hutanguliza latitudo. Lakini GeoJSON, muundo wa kuhifadhi data za kijiografia uliosanifishwa mwaka 2016, hutanguliza longitudo. Mpangilio wote miwili ni sahihi, kila mmoja nyumbani kwake. Anayehamisha data kutoka nyumba moja kwenda nyingine ndiye aliye hatarini.

Kosa linalopiga kelele hurekebishwa siku hiyohiyo. Linaloumiza ni lile linalokaa kimya na kufanana na jibu sahihi. Hata arei yetu ya kubuni ina hatari hiyo: vituo ni 12 na miezi ni 12, kwa hiyo anayebadilisha nafasi ya mwezi na kituo kila mara atapata jibu, na hakuna kitakachomwonya. Kama angelazimika kuandika latitudo=-6.8, longitudo=38.9, mpangilio usingekuwa na nguvu ya kumpeleka Hispania.

Kanisa nalo linataja mihimili

Tatizo hili halikuanza na kompyuta. Kitabu cha Masomo ya Misa ni arei kubwa tunayoitumia kila siku. Masomo ya Dominika yamepangwa kwa mzunguko wa miaka mitatu, A, B na C. Somo la kwanza la siku za juma katika kipindi cha kawaida lina mzunguko wa miaka miwili, I na II. Mtu akisema tu "Dominika ya 3" hajasema kitu. Ya Majilio, ya Kwaresima, ya Pasaka au ya Mwaka? Akisema "Dominika ya 3 ya Kwaresima", bado hajafika. Mwaka A Injili ni ya mwanamke Msamaria, Mwaka B ni ya kusafishwa kwa hekalu, Mwaka C ni ya mtini usiozaa. Ni pale tu kipindi, Dominika, mwaka na somo vinapotajwa vyote ndipo msomaji anafungua ukurasa ulio sawa. Ndiyo maana hakuna sakristia inayoandika ubaoni "3, 2, 1, 4". Tunataja mihimili kwa majina yake.

Zaburi zinatuonyesha upande wa pili, yaani namba ikikosa jina la hesabu yake. Zaburi ya Mchungaji ni ya 23 kwa hesabu ya Kiebrania, lakini ni ya 22 kwa hesabu ya Kigiriki na ya Vulgata, kwa sababu Zaburi ya 9 na ya 10 za Kiebrania zimeunganishwa kuwa moja kwa Kigiriki, na tangu hapo nyingi zinazofuata zimepishana kwa moja. Waandishi wa programu wanalifahamu vizuri kosa la kupishana kwa moja. Wanalitafuta kila siku. Kanisa lilijikinga kwa njia mbili: kuandika namba zote mbili pamoja, moja ndani ya mabano, na kuziita baadhi ya Zaburi kwa maneno yake ya kwanza ya Kilatini. Anayesema Miserere hahitaji kuuliza kama ni ya 50 au ya 51.

Na sisi tunaosoma Mt. Thomas wa Akwino tunajua namna ya kutaja Summa yake: I, q. 2, a. 3. Sehemu ya kwanza, swali la 2, kipengele cha 3, ndipo tunapokuta njia zake tano za kuthibitisha kuwa Mungu yupo. Zile herufi q na a ni majina ya mihimili. Sehemu yenyewe haina herufi. Inatambulika kwa kutangulia na kwa namba ya Kirumi. Ni mchanganyiko wa nafasi na jina, nao umedumu kwa sababu unasomeka.

Jinsi majina yalivyopotea, na yalivyorudi

Fortran, lugha iliyotolewa na kampuni ya IBM mwaka 1957 chini ya uongozi wa John Backus, ilitaka kuandika hesabu kwa namna inayokaribia ile ya wanahisabati. Wanahisabati huweka namba ndogo miguuni pa herufi: ya kwanza mstari, ya pili safu. Kompyuta za wakati ule hazikuweza kuandika herufi ndogo za miguuni, hivyo namba hizo zikawekwa ndani ya mabano, zikitenganishwa kwa mkato. Lugha zilizofuata zikarithi desturi hiyo. Kwa jedwali la mihimili miwili haina shida kubwa. Shida huja mihimili inapofika minne au mitano.

Wataalamu wa hali ya hewa waliliona hilo mapema. Mwishoni mwa miaka ya 1980 kituo cha Unidata cha Marekani kilitengeneza muundo wa faili uitwao netCDF, ambamo kila mhimili umeandikwa jina lake: wakati, latitudo, longitudo. Faili lenyewe linajieleza. Lakini data hizo zilipofunguliwa ndani ya lugha ya kawaida na kuwekwa kwenye arei ya kawaida, kwa mfano ile ya NumPy inayotumika sana katika Python, majina yalibaki mlangoni, zikaingia namba peke yake. Ni kama mtu anakili daftari la ubatizo la parokia na kuacha vichwa vya safu. Kila jina lipo, lakini nani ni baba, nani ni msimamizi na nani ni padre aliyebatiza, hakuna anayejua isipokuwa mnakili.

Mwaka 2014 Stephan Hoyer na wenzake walitoa maktaba ya Python ambayo leo inaitwa xarray. Lengo lake lilikuwa kuyaingiza majina ndani na kuyatunza katika kila hatua. Ukijumlisha arei mbili, xarray inalinganisha mihimili kwa majina, si kwa mpangilio. Ukiomba wastani wa mvua, unasema ni wastani wa miezi au wa vituo, badala ya "mhimili wa 0".

Wanaotengeneza akili bandia nao walifika hapohapo. Arei ya picha huwa na mihimili minne: idadi ya picha, rangi, urefu na upana. Baadhi ya programu huweka rangi nafasi ya pili, nyingine huiweka mwisho. Mapema mwaka 2019 mtafiti Alexander Rush aliandika makala akidai kuwa arei zisizo na majina zina madhara, na mwaka huohuo maktaba ya PyTorch ikaanza kujaribu mihimili yenye majina.

Jina likae wapi?

Hapa ndipo sintaksia inapoingia. Kukubali kuwa mhimili uwe na jina ni jambo moja. Kuamua jina hilo liandikwe wapi ni jambo jingine.

Ilivyo kawaida, arei hutajwa kwa mabano mraba. Lakini Python hairuhusu kuandika mwezi="Aprili" ndani ya mabano mraba. Inaruhusu hivyo ndani ya mabano ya mviringo tu, yale ya kutoa amri. Kwa hiyo xarray ilipita mlango wa pili:

mvua.sel(mwezi="Aprili", kituo="Mlandizi")

Neno sel hapa ni amri ya kuchagua. Inafanya kazi, nasi tunaiona ni nzuri. Hata hivyo mlango huo wa pili una vizingiti vitatu.

Cha kwanza ni kusahihisha. Tukigundua kuwa kipimo cha Aprili kilikosewa, kwa mabano mraba tungeandika mvua[3, 1, 9] = 112, na namba mpya ingeingia. Lakini amri hutoa jibu, haipokei thamani. Python inakataa kuwekea amri ya sel alama ya = mbele yake. Inabidi kupita njia nyingine:

mvua.loc[dict(mwezi="Aprili", kituo="Mlandizi")] = 112

Kusoma ni kwa sura moja, kuandika ni kwa sura nyingine, ilhali seli ni ileile.

Cha pili ni masafa. Ndani ya mabano mraba unaweza kuandika 2:5 ukimaanisha kuanzia nafasi ya 2 na kuishia kabla ya 5. Ndani ya mabano ya mviringo nukta mbili hizo haziruhusiwi, hivyo tunaandika slice("Machi", "Mei"). Na hapa pana tofauti ya maana. Masafa ya nafasi huacha mwisho nje, lakini masafa ya majina katika xarray hujumuisha Mei. Hilo linapatana na lugha yetu: anayesema masika ni Machi hadi Mei hajaitoa Mei.

Cha tatu ni kugongana kwa majina. Ndani ya mabano hayo ya sel tunaweza pia kuandika agizo method="nearest", linaloiambia kompyuta ichukue nukta iliyo karibu zaidi. Sasa je, kama mhimili wetu wenyewe unaitwa method? Majina ya mihimili na majina ya maagizo yanalala chumba kimoja, na siku moja yatagombea kitanda.

Kwa sababu hizo, mwaka 2014 Stefano Borini na mwenzake waliandika pendekezo rasmi la Python, namba 472, kwamba majina yaruhusiwe ndani ya mabano mraba. Lilikataliwa mwaka 2019. Mwaka 2020 Borini alirudi na wengine kwa pendekezo jipya, namba 637, lililoandikwa kwa kina zaidi. Baraza la Uongozi la Python likalikataa mwaka 2021.

Hoja za kukataa hazikuwa za kupuuza. Python hupokea mvua[3, 1, 9] kama kifurushi kimoja chenye vitu vitatu, si kama vitu vitatu. Ukiingiza majina, unalazimika kuamua yatakaa ndani ya kifurushi au nje yake, na kifurushi kitakuwa nini pale yatakapokuwepo majina peke yake. Halafu mstari kama mvua[mwezi=4] = 0 ungekuwa na alama mbili za = zenye maana mbili tofauti. Baraza halikuona kwamba manufaa yanatosha kulipia ugumu huo. Aliyesoma William wa Ockham, Mfransisko wa karne ya 14, ataitambua roho ya hoja hiyo: usiongeze vitu bila ulazima. Mabishano yalikuwa juu ya neno hilo la mwisho. Kwa mwenye arei ya mihimili mitano ulazima upo. Kwa mwandishi asiyetumia arei kabisa haupo, naye atabeba lugha iliyoongezeka uzito.

Lugha ya Julia, iliyotangazwa mwaka 2012, ilichagua vingine: inaruhusu majina ndani ya mabano mraba, na maktaba zake kadhaa za mihimili yenye majina hutumia nafasi hiyo. Hivyo hakuna kanuni ya asili iliyozuia. Ni uamuzi wa jumuiya juu ya nani abebe mzigo.

Kiswahili kinatufundisha nini?

Tukitazama lugha yetu tunaona kwamba inatumia njia zote mbili, tena kwa busara. Ndani ya kitenzi, nafasi ndiyo inayotawala. "Tunawapenda" na "wanatupenda" zina viambishi vilevile. Kilichobadilika ni nani ametangulia. Ukivibadilisha nafasi hupati sentensi mbovu. Unapata sentensi sahihi yenye maana ya kinyume, kama ile safari ya Kibaha na Badajoz. Lakini hatukosei, kwa sababu nafasi hizo ni chache, hazibadiliki, na tunazitumia tangu utotoni.

Nje ya kitenzi mambo ni tofauti. "Jana tulikwenda Mlandizi kwa basi." "Kwa basi tulikwenda Mlandizi jana." Mkazo umebadilika, habari ni ileile. Wakati, mahali na chombo vinajitambulisha vyenyewe, kwa hiyo vina uhuru wa kuhama. Lugha imeviachia nafasi vile vichache vya kila siku, na vingi vinavyobadilikabadilika imevipa alama za kujitambulisha.

Kiswahili kinatupa na jambo la pili. Katika xarray kuna amri mbili za kuchagua: sel kwa kutaja jina la thamani, na isel kwa kutaja nafasi yake. Ukiandika mwezi=3 kwenye sel, unaomba mwezi ulioandikwa 3; kwenye isel unaomba ulio nafasi ya 3 ukianza na 0, yaani wa nne. Wanaoanza hulichanganya jambo hili. Lakini sisi husema "kituo Mlandizi" tukitaja jina, na "kituo cha 4" tukitaja nafasi. Kiunganishi kile kidogo kinatosha kuonyesha kwamba tunahesabu. Kama zoezi la fikra, lugha ya kompyuta iliyotungwa na Waswahili ingeweza kuandika hivi:

mvua[mwezi Aprili, kituo Mlandizi]
mvua[mwezi wa 4, kituo cha 2]

Kutokana na hayo tunapendekeza kanuni nne kwa anayebuni sintaksia ya namna hii. Mpangilio wa majina usiwe na maana. Mhimili usiotajwa uhesabiwe kuwa umeombwa wote, kama vile "mvua ya Aprili" inavyomaanisha vituo vyote. Jina lisilojulikana likataliwe kwa sauti, lisikisiwe. Na kutaja jina kutofautishwe wazi na kutaja nafasi.

Tusifiche gharama. Majina hurefusha maandishi. Tena yanahitaji makubaliano: faili moja litaandika lat, jingine latitude, jingine y. Ndiyo sababu wataalamu wa hali ya hewa walitunga kanuni za pamoja zinazoitwa CF, ambazo toleo lake la kwanza ni la mwaka 2003. Kwa hiyo jina haliondoi haja ya jumuiya inayoelewana. Linachofanya ni kuhakikisha kwamba makubaliano yakivunjika, kosa linaonekana mara moja, badala ya kujificha ndani ya namba inayopendeza.

Hitimisho

Katika sura ya 2 ya Kitabu cha Mwanzo, Adamu anawapa wanyama majina, hawapi namba. Kumpa kiumbe jina ni kukiri kuwa ni kitu fulani, si cha tatu katika msururu tu. Hatusemi kwamba namba ni mbaya. Bila hesabu hakuna utabiri wa masika. Tunasema kwamba namba inayotaja nafasi hutegemea kumbukumbu ya aliyepanga, na jina huiweka kumbukumbu hiyo ndani ya maandishi, ili atakayekuja baadaye airithi. Mabishano juu ya mabano mraba na ya mviringo, ukiyachimba hadi chini, ni mabishano juu ya nani anapaswa kukumbuka: anayeandika leo, au anayesoma kesho bila mtu wa kumuuliza. Sisi tunaona haki iko upande wa kumpunguzia mzigo yule wa kesho.

Nawe, ndugu msomaji, si lazima uwe mtaalamu wa kompyuta ili kulifanyia kazi jambo hili. Wengi wetu tunatunza majedwali: sadaka za jumuiya, mahudhurio ya katekesi, mazao ya shamba la seminari, akiba ya kikundi. Kabla ya kufunga daftari au faili, hakikisha kila safu ina kichwa, kila namba ina kipimo (kilo, shilingi, milimita), kila mwaka umeandikwa mzima, na kila umbali unasema umepimwa kutoka wapi. Kisha mpe mtu asiyelijua jedwali hilo alisome mbele yako. Akikuuliza "hii ni nini?", andika jibu papo hapo, ndani ya jedwali lenyewe.